Neno juu ya Dawa za Miti, Ugonjwa wa Sukari, na Ushuhuda wa Kweli

Swali limetufikia mara nyingi, kwa vinywa vya walimu wa sharika na kwa vinywa vya wagonjwa wenyewe, nalo ni hili: Je, Mkristo mwenye ugonjwa wa sukari aweza kunywa dawa za miti? Wengine huuliza kwa hofu, kana kwamba jani lenyewe lina dhambi ndani yake. Wengine wamekwisha kata shauri, wala hawaulizi ili wajibiwe, bali wataka tu kumsikia mchungaji akisema ndiyo. Kwetu sisi jibu lake si gumu: aweza. Lakini nyuma ya swali hilo limejificha lingine ambalo watu hawaliulizi, nalo ndilo zito. Je, ni halali mtu kumwambia mwenzake, “Dawa hii imeniponya sukari, nawe unywe”? Juu ya hilo la pili twataka kuandika mwezi huu.

Tumalize kwanza lile jepesi. Mfalme Hezekia alipougua kwa jipu hata akawa karibu kufa, nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lile, na mfalme akapona. Nabii aliyekuwa na neno la Bwana kinywani mwake hakuona haya kutumia tunda la mti. Magome, majani na mizizi ni kazi ya Muumba yule yule aliyewapa matabibu akili. Wazee wetu walipobatizwa waliambiwa watupe hirizi, nao walifanya vema kuzitupa. Lakini wengi hawakufundishwa kupambanua hirizi na jani. Basi wakatupa yote pamoja mchana, na wengine wakayafuata yote pamoja usiku. Mazao ya jambo hilo tungali tunayavuna: mgonjwa hunywa majani kwa siri, hamwambii mchungaji wake, hamwambii daktari, wala mara nyingine hata watu wa nyumbani mwake hawajui kilichomo chunguni.

Lakini imo habari nyingine ya chungu katika Maandiko, nayo husomwa mara chache. Siku za njaa huko Gilgali, mtu mmoja wa wanafunzi wa manabii alitoka kwenda porini kutafuta mboga. Akakuta mmea utambaao, wenye matunda mengi, akajaza nguo yake, akarudi na kuyakatia ndani ya chungu cha wote, pasipo mtu kujua ni matunda gani. Walipoonja wakapiga kelele ya kufa, na Elisha akawaokoa. Wengi waliochunguza mimea ya nchi ile hudhani matunda hayo ni handhali, tikiti chungu la jangwani. Tumeikumbuka habari hii kwa sababu handhali hiyo hiyo hutumiwa hata leo na watu wa Afrika ya Kaskazini na wa Arabuni kuwa dawa ya sukari. Na hiyo hiyo, ikizidi kidogo, humharisha mtu hata damu. Tunda ni moja. Tena yule aliyelichuma hakuwa mtu mbaya, kwani alitaka kuwalisha wenzake. Alikosa neno moja tu: alitia katika chungu cha watu wengi kitu asichokijua.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe. Ndani ya mwili, nyuma ya tumbo la chakula, mna kiungo kiitwacho kongosho, nacho hutoa insulini, ambayo ni kama ufunguo wa kuifungulia sukari ya damu mlango, ipate kuingia katika nyama ya mwili. Wako watu, na wengi wao ni watoto na vijana, ambao kongosho lao limeacha kutoa insulini. Hao wasipodungwa sindano ya insulini hufa, wengine kwa siku chache, wengine kwa majuma au miezi. Wako wengine, nao ndio wengi zaidi, hasa watu wazima, ambao insulini wanayo ila haitoshi, au mwili hauitii tena. Hao huweza kuishi miaka mingi na sukari nyingi katika damu, nayo ikiwala polepole macho, figo, na mishipa ya miguu. Magonjwa haya mawili huitwa kwa jina moja, na kwa sababu ya jina hilo moja madhara mengi yametokea. Mzee asemaye kwamba majani yamemfaa ana ugonjwa wa pili; mtoto anyweshwaye majani yale kwa shauri la mzee huyo ana ugonjwa wa kwanza.

Juu ya ule wa kwanza hatuna haja ya maneno mengi. Kabla ya mwaka 1922 miti tunayoisifu leo ilikuwako yote. Mwarobaini ulikuwako, mlonge ulikuwako, karela na uwatu vilikuwako, na waganga walioijua miti kuliko sisi walikuwako katika kila taifa. Wala hapakuwa na sindano ya kushindana nao. Na watoto wale walikufa, Afrika na Ulaya na Bara Hindi. Ndipo tarehe 11 Januari 1922, katika mji wa Toronto nchini Kanada, mvulana wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, akadungwa insulini iliyotolewa katika kongosho la mnyama. Sindano ile ya kwanza haikufaa sana, tena ilimtoa jipu. Waliomtibu hawakwenda sokoni kupiga mbiu. Walipima damu yake na mkojo wake, wakaona ya kuwa haitoshi, wakarudi kuisafisha dawa yao, na tarehe 23 ya mwezi ule wakamdunga tena. Hapo sukari ikashuka kweli kweli, na kijana akaishi hata mwaka 1935. Tungependa wasomaji wazitafakari zile siku 12 zilizo kati ya sindano ya kwanza na ya pili. Katika siku hizo watu wale walikuwa na dawa mkononi, na tumaini kubwa moyoni, na mgonjwa anayekufa mbele yao. Hata hivyo hawakusema imeponya, kwa kuwa kipimo kilikuwa hakijasema.

Maana ugonjwa huu una hila moja ambayo magonjwa mengine hayana. Mtu mwenye homa ajua homa imemtoka. Mwenye kidonda aona kidonda kimefunga. Lakini sukari yaweza kuwa mara mbili ya ile ipasayo, na mwenyewe akalima, akaimba kwaya, akalala vizuri. Kiu kali na kukojoa sana huja sukari ikiwa juu mno. Ikishuka kidogo tu, dalili zile hupungua, na mgonjwa hudhani amepona, kumbe figo na macho yake yangali yanaliwa. Kwa hiyo neno “nimejisikia vizuri”, ambalo katika magonjwa mengine ni ushuhuda wa kutosha, katika ugonjwa huu si ushuhuda hata kidogo. Shahidi ni damu peke yake, na damu haisemi ila ikipimwa. Tena kupimwa mara moja hakutoshi, maana sukari hupanda na kushuka kwa chakula, kwa kazi, kwa homa na kwa huzuni. Hospitali kubwa zina kipimo kingine kionyeshacho hali ya sukari kwa muda wa miezi miwili au mitatu iliyopita. Hicho hakidanganywi na kufunga kula kwa siku moja.

Mtu mwaminifu hudanganyikaje basi? Kwanza, anayeanza kunywa majani machungu kila asubuhi kwa kawaida ameanza na mambo mengine siku ile ile. Ameacha soda. Amepunguza sukari katika chai. Ameogopa, akaanza kutembea kwa miguu. Sukari inaposhuka, sifa yote hupewa jani, na miguu haipewi kitu. Pili, wengi hugundua ugonjwa wao walipokuwa na homa au kidonda kibaya kilichoipandisha sukari. Homa ikiisha, sukari hushuka yenyewe. Na la tatu ndilo litusikitishalo kuliko yote. Mtoto mwenye ugonjwa wa kwanza akianza kudungwa insulini, mara nyingine kongosho lake hupata nguvu kidogo tena, akahitaji sindano ndogo sana kwa majuma au miezi. Matabibu wanalijua jambo hili, na wanajua kwamba halidumu. Lakini wazazi ambao hawakuambiwa, nao walikuwa wakimpa mtoto majani kwa siri, hufurahi na kusema, “Tazameni, jani limeshinda!” Ndipo sindano ikaachwa. Na siku ile nguvu iliyosalia inapokwisha, hakuna anayejua kwa nini mtoto anatapika, na pumzi yake inanukia kama matunda yaliyovunda.

Sisi Walutheri wa Tanzania hatuwezi kulinena jambo hili bila kutaja Loliondo. Wasomaji walio wengi wanaikumbuka: katika mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, wilaya ya Ngorongoro, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye watu walimwita Babu. Aliwapa kikombe kimoja cha maji yaliyochemshiwa mizizi ya mugariga, kwa shilingi 500, akisema ameagizwa na Mungu katika ndoto, na ya kuwa kikombe kile chaponya magonjwa sugu, na sukari ni mmojawapo. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi. Wakubwa wa nchi walikwenda, wengine kwa helikopta. Watu wa Kenya walivuka mpaka. Na wagonjwa waliotolewa vitandani hospitalini walikuwamo, hata wengine wakafia njiani na katika foleni. Mzee yule alifariki mwaka 2021.

Hatuandiki haya ili kumhukumu marehemu. Shilingi 500 si bei ya mtu mwenye tamaa, na nia ya moyo wake anaijua Mungu. Mti wenyewe pia si mti wa hadithi. Wamasai huuita olamuriaki, na mizizi yake huchemshwa pamoja na supu tangu zamani. Majani yake yalijaribiwa kwa panya wenye ugonjwa wa sukari, habari zake zikatangazwa mwaka 1996, na sukari ya panya hao ilishuka. Lakini panya si mtu, na majani si mizizi, na dawa inyweshwayo mara moja tu haiwezi kulinganishwa na ile inywewayo kila siku. Zaidi ya hayo, mwenyewe alisema nguvu haimo katika mti bali katika neno la Mungu na katika mkono uliopewa agizo. Kwa kusema hivyo aliondoa kikombe chake mahali penye kupimwa. Mwenye kupona alikuwa shahidi wa kikombe, na asiyepona aliambiwa imani yake ndogo. Neno lisilowezekana kuonekana kuwa la uongo kwa njia yoyote, haliwezi kutusaidia pia kujua kama ni la kweli.

Jambo tunalolikazia hasa ni ushuhuda wa sisi tuliobaki. Nani aliyemwambia jirani kwamba Fulani amepona? Nani aliyesimama mbele ya ushirika akasema, “Nimeacha vidonge, sukari imekwisha,” bila kupimwa hata mara moja? Wako walioacha dawa zao kwa maneno kama hayo. Si kwa neno la mzee wa Samunge, ambaye hawakupata hata dakika moja ya kuzungumza naye, bali kwa neno la jirani, la shangazi, la mwalimu wa kwaya.

Katika mafundisho ya kipaimara sote tulijifunza Amri ya Nane, nasi tukadhani yahusu mashahidi wa barazani, na masengenyo. Lakini mtu akisema habari asiyoijua, na mwenziwe akaitumaini nafsi yake juu ya habari hiyo, tofauti yake na shahidi wa uongo ni ipi? Atasema, “Sikukusudia kudanganya.” Kweli, hakukusudia. Hata yule wa Gilgali hakukusudia. Lakini shahidi hatakiwi tu asiseme asichokiamini. Atakiwa aseme alichokiona. Na sukari haionekani kwa macho wala haihisiwi kwa mwili. Kwa hiyo asiyepima hakuona kitu. Wengine watatuambia tumekuwa wakali mno, na kwamba kutoa ushuhuda wa uponyaji ni kumtukuza Mungu. Twajibu ya kuwa Mungu hahitaji kutukuzwa kwa habari isiyohakikishwa. Wakoma kumi waliotakaswa walitumwa kwanza wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kazi yao ilikuwa kukagua ngozi na kutangaza hali yake. Bwana mwenyewe hakuona kwamba kukaguliwa kunapunguza utukufu.

Tusidhani kwamba kupima ni desturi ya kuidharau miti. Maana katika vidonge wanavyopewa wagonjwa wengi wa sukari ulimwenguni, metiformini ndiyo ya kwanza, nayo ina ukoo na jani. Ulaya kuna mmea uitwao galega, ambao watu wa kale waliutumia kwa magonjwa mengi. Wafugaji waliujua kwa sababu nyingine: kondoo walioula sana walikufa. Wataalamu walipata ndani yake kitu kishushacho sukari, wakakijaribu kwa wagonjwa katika miaka ya 1920, wakakiona kina sumu. Wengine wakatengeneza vitu vya jamaa yake, na mojawapo, metiformini, ilitengenezwa kwanza mwaka 1922, mwaka ule ule wa sindano ya Toronto. Ikakaa miaka mingi bila mtu kuijali, hata daktari Mfaransa Jean Sterne alipoijaribu kwa wagonjwa na kutangaza habari zake mwaka 1957. Wamarekani wao hawakuikubali mpaka miaka ya 1990. Huu ndio mwendo wa jani lililokuwa kweli: lilipita mikono mingi isiyoliamini, likapunguzwa sumu yake, likapewa kiasi, na watu wakajua nani asipewe, kama vile mwenye figo zilizoharibika sana. Mganga wetu akichuma jani leo, kiasi chake ni konzi ya mkono wake, na mkono wa mganga mwingine ni mkubwa kuliko huo.

Na jani likipimwa, mara nyingine husema hapana. Mzambarau umesifiwa Bara Hindi tangu zamani kwa ugonjwa huu, na sifa zake zimefika pwani yetu pamoja na mti wenyewe. Huko Brazili wenye sukari hunywa sana chai ya majani yake. Basi waganga wa huko wakawagawa watu: hawa wakapewa chai ya mzambarau, na hawa chai inayofanana nayo isiyo na dawa, bila kuambiwa ni ipi. Katika habari walizozitangaza mwaka 2000, tofauti ya sukari haikuonekana. Karela na mdalasini vimejaribiwa mara nyingi zaidi, na waliokusanya majaribio hayo yote pamoja mwaka 2012 walisema hayatoshi kuonyesha kwamba vyafaa. Hatusemi tena kwamba havifai kabisa. Kesho twaweza kusikia lingine, nasi tutalipokea. Katika nchi yetu kazi hii imeanza zamani: Muhimbili palifunguliwa sehemu ya kuchunguza dawa za asili mwaka 1974, na sheria ya tiba asili ikatungwa mwaka 2002. Mganga wa miti aliye mwaminifu hana sababu ya kujificha tena.

Kuna neno “asili” ambalo limekuwa kama hirizi mpya. Huandikwa juu ya chupa, na mtu akilisoma moyo wake hutulia. Ndugu zetu, sumu ya nyoka ni ya asili. Katika Afrika ya Magharibi uko mti uitwao ackee, uliopelekwa hata Jamaika, na watu wa huko huupenda sana kwa chakula. Tunda lake likiliwa bichi, kabla halijafunguka lenyewe mtini, huishusha sukari ya damu kwa nguvu kupita dawa nyingi, na limewaua watoto wengi kwa kushusha huko huko. Basi hata likithibitika neno la kwamba jani fulani lashusha sukari, bado hatujaambiwa kwamba laponya. Kushusha mpaka wapi? Kwa muda gani? Na mgonjwa akiwa amekwisha kunywa vidonge vya hospitali asubuhi ile, kisha akanywa bilauri ya majani juu yake, sukari yaweza kuanguka, akatetemeka, akatoka jasho, akazimia, na akiwa peke yake shambani asiamke tena. Kuna na udanganyifu mtupu. Mwaka 2008 huko Singapore watu zaidi ya 100 wasio na sukari kabisa walilazwa hospitalini, na wanne wakafa, kwa kunywa dawa za nguvu zilizouzwa kwa magendo, mojawapo kwa jina la mitishamba. Ndani yake kulikuwa na glibenklamidi, kidonge cha hospitali cha kushusha sukari. Ukiona unga wa miti unashusha sukari upesi kuliko dawa ya daktari, huenda ni dawa ya daktari.

Mpaka hapa tumesema na wenye majani. Haitakuwa haki kunyamaza juu ya upande wa pili.

Watu hawaendi kwenye majani kwa ujinga tu. Wavumbuzi wa insulini waliiuza haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1923 kwa dola 1 kila mtu, kwa kuwa hawakutaka dawa ile iwe mali ya mtu mmoja. Miaka zaidi ya 100 imepita, na wako watoto katika nchi zetu ambao bado hufa kwa kuikosa. Chupa yenyewe huhitaji mahali pa baridi, na nyumba nyingi hazina jokofu. Vipande vya kupimia damu huisha kabla ya mwezi kuisha. Nauli ya kwenda hospitali ya wilaya na kurudi yaweza kuwa mshahara wa siku kadhaa za kulima kwa watu. Na ugonjwa umeongezeka mbele ya macho yetu: mwaka 1989, waliopima watu wa vijijini Tanzania walitangaza kwamba wenye sukari hawakufika mtu 1 katika 100, mwaka 2012, katika hesabu ya nchi nzima ya watu wa miaka 25 hadi 64, walikuwa karibu 9 katika 100. Njia za kupima hazikuwa sawasawa, lakini hakuna anayetembelea wagonjwa asiyeona jinsi ugonjwa ulivyoenea. Mjane mwenye kuku watatu, akiwa na jani bure nyuma ya nyumba na kidonge cha fedha mbali, hatuwezi kumhubiria juu ya sayansi na kumwacha na kuku wake watatu.

Tena ziko zahanati ambazo mgonjwa akitaja majani huchekwa mbele ya wenzake, huitwa mshamba, na hufukuziwa nje mpaka ayaache. Mtu huyo hatayaacha. Ataacha kuyataja. Na kwa kuwa hatari iliyo kubwa ni kuchanganya dawa mbili pasipo mtu kujua, yule mwenye kucheka ameongeza hatari kwa kicheko chake. Huko nako Amri ya Tano imevunjwa, maana tulifundishwa kwamba haikatazi kumwaga damu tu, bali yaagiza kumsaidia mwenzetu katika mahitaji yote ya mwili.

Kama mtu atatuuliza kama iko mimea ambayo twaweza kuisifu bila hofu kwa mwenye ugonjwa wa pili, tutamtajia ile isiyouzwa kwa chupa: mchicha, matembele, kisamvu, kunde, maharage, njegere, na ugali wa dona mahali pa sembe nyeupe, kwa kiasi. Hiyo haimwachishi mtu vidonge, lakini inasaidia, nayo bibi zetu waliila kabla ya kuja soda na maandazi ya kila asubuhi. Ajabu ni kwamba wako wanaotembea siku nzima kutafuta gome la mti usiojulikana, na mchicha umeota mlangoni pao.

Basi mwenye kutumia jani, na akaona limemfaa, na aulizwa na jirani, aweza kusema nini bila kuivunja Amri ya Nane? Twadhani aweza kusema hivi: “Mimi nina ugonjwa wa sukari wa watu wazima. Nanywa uwatu asubuhi, na daktari wangu ajua. Vidonge sijaacha. Nilipimwa kabla, nikapimwa baada ya miezi mitatu, na hesabu zilikuwa hizi na hizi. Nimeacha na soda pia, sijui ni kipi kilichosaidia. Kwako sijui itakuwaje.” Ni ushuhuda mrefu, tena hauwezi kupigiwa makofi kanisani. Lakini kila neno lake limeonwa, na jirani akiutumaini hataanguka.

Kwa walimu wa sharika tuna neno moja la kazi. Mkifika nyumbani mkamkuta mtu mzima anakunywa dawa ya miti, msimpokonye. Mwulizeni jina la mti, mwombeni awape kipande chake katika karatasi, mkakichukue pamoja naye siku ya kliniki, mkae naye kwenye benchi mpaka amweleze daktari mwenyewe. Wengi hushindwa kusema kwa kuwa wako peke yao. Pale ambapo sanduku la wahitaji lina fedha kidogo, nunueni vipande vya kupimia, maana mashine moja ya kupimia sukari yaweza kutumiwa na wagonjwa wengi wa ushirika, kila mmoja kwa sindano yake mpya, isiyorudiwa. Lakini mkimkuta mtoto aliyekonda kwa muda mfupi, mwenye kiu isiyokatika, aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani na sasa ameanza tena, hapo msiulize habari za jani, wala msingoje siku ya kliniki, wala msiitishe kwanza maombi ya usiku. Apimwe damu siku hiyo hiyo. Ikiwa gari hakuna, pikipiki ya mzee wa kanisa na itolewe, na maombi yafanyike njiani.